Miligramu Mbili Zisizoonekana: Kisa cha Ini la Kondoo Namba 7

Mwanafunzi alinijia na daftari likiwa limefunguliwa tayari, kidole juu ya mstari wa mwisho. "Mwalimu, ateri inaleta asilimia 28 ya damu yote ya ini." Ilikuwa saa saba kasoro mchana. Tulikuwa tumesimama tangu alfajiri, na kondoo Namba 7 alikuwa amejilaza kizimbani akicheua kana kwamba hana mirija minne ndani ya mwili wake. Nikamwomba aniachie daftari nikanywe chai. Hesabu nilizirudia mara mbili kwa kikokotoo, zikatoka vilevile. Kilichonikera ni ile 28.

Maabara yetu iko pembeni mwa mji wa Nakuru, nasi hufanya zaidi kazi za lishe ya mifugo. Mwanafunzi huyu wa uzamili alitaka kujua jambo ambalo mfugaji yeyote wa Molo au Njoro angependa kulijua: ukimpa kondoo majani ya nepia tupu, kisha ukamwongezea chakula chenye protini nyingi, ni kiasi gani cha amonia kinafika kwenye ini, na ini linakifanyia nini. Mnyama anayecheua haishi kwa sukari anayoimeza. Vijidudu vya tumbo kuu huichachusha kwanza, na glukosi inayopita moja kwa moja kutoka utumboni ni kidogo mno. Ini ndilo linalotengeneza glukosi, hasa kutokana na asidi ya propioniki iliyotoka tumboni, na ndilo linalogeuza amonia kuwa urea kabla haijafika kwenye ubongo. Ukitaka kujua ini limepokea miligramu ngapi za kitu chochote kwa dakika, kupima kitu hicho kwenye damu hakutoshi. Lazima ujue pia ni lita ngapi za damu zimepita. Makosa ya lita huingia katika kila jibu linalofuata: amonia, propioniki, oksijeni, zote.

Na damu ya ini ina njia mbili. Kubwa ni vena ya porta, inayokusanya damu ya tumbo, utumbo, kongosho na wengu na kuipeleka kwenye ini ikiwa imebeba chakula lakini imepungukiwa oksijeni. Ndogo ni ateri ya ini, inayoleta damu safi kutoka kwa moyo. Kwa kondoo aliyeshiba, vena ya porta huleta sehemu kubwa sana, kwa kawaida asilimia 80 au zaidi. Zikishapita kwenye ini, zote mbili hutoka kwa vena za ini. Ateri yenyewe hatuipimi. Tunapima inayotoka, tunapima ya porta, tunatoa moja kwa nyingine, na kinachobaki ndicho tunachokiita ateri. Msomaji akikumbuka hilo, ameshakaribia kukielewa kisa chote.

Njia tuliyotumia msingi wake ni wazo la mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick la mwaka 1870. Fikiria unamwaga chumvi kwenye Mto Njoro bila kukatiza, kipimo kilekile kila dakika, kisha unaonja maji huko chini. Maji yakiwa mengi, chumvi itakuwa hafifu. Yakiwa machache, itakolea. Kiasi ulichomwaga ukikigawanya kwa ukolezi unapata maji. Tofauti ya kondoo na mto ni kwamba damu huzunguka na kurudi, kwa hiyo unapaswa kuondoa chumvi iliyokuwamo tayari kabla ya mahali unapomwagia. Chumvi yetu ni asidi ya para-aminohipuriki, ambayo maabara zote huiita PAH. Haina madhara kwa kondoo kwa kipimo hiki, haiingii kirahisi kwenye chembe nyekundu, na figo huitoa kwa kasi kubwa.

Namba 7 alikuwa jike wa kilo 42, chotara wa Dorper na kondoo wa Kimasai. Wiki tatu kabla, chini ya dawa ya usingizi, alikuwa amewekewa katheta nne, yaani mirija myembamba: moja kwenye vena ya mesentera, inayotoka utumboni kwenda porta, ya kumwagia PAH, moja kwenye porta, moja kwenye vena ya ini, moja kwenye ateri ya kawaida ya mwili, si ile ya ini. Siku hiyo alilishwa saa moja asubuhi. PAH ilianza kwa dozi ya kutangulia, kisha pampu ikashika miligramu 15 kwa dakika. Tulingoja hadi ukolezi ukatulia, tukaanza kuchukua damu kutoka katheta tatu kwa wakati mmoja, kila nusu saa.

Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye daftari, wastani wa asubuhi ile, kwa miligramu katika kila lita ya plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe zake: ateri 24.0, porta 39.0, vena ya ini 34.8. Porta kutoa ateri ni 15.0, gawanya 15 kwa 15.0, unapata lita 1.00 ya plazima kwa dakika. Chembe nyekundu za kondoo huyu zilijaza asilimia 30 ya damu yake, hivyo unagawanya kwa 0.70 na kupata lita 1.43 za damu. Vena ya ini kutoa ateri ni 10.8, na kwa njia ileile unafika lita 1.98. Tofauti ya hizo mbili, lita 0.55, ndiyo ateri ya ini. Asilimia 28.

Niseme wazi kwamba namba hiyo si ya ajabu kiasi cha kumfanya mtu aruke. Moyo wa kondoo wa ukubwa huu husukuma lita nne au tano kwa dakika, kwa hiyo lita mbili za ini hazivunji sheria yoyote. Ingekuwa lita sita tungecheka, tukasafisha vyombo, tukaanza upya. Namba inayosumbua ni ile inayoweza kuwa kweli.

Shaka yangu ilitoka kwenye saa. Damu ilichukuliwa saa mbili na zaidi baada ya mlo, wakati utumbo umejaa na porta inapita kwa nguvu. W. Wayne Lautt wa Kanada alieleza mwaka 1981 jinsi ateri ya ini inavyofidia: porta ikipungua, ateri hufunguka, porta ikiongezeka, ateri hujibana. Sababu yake kuu ni adenosini, kemikali inayotanua mishipa ya damu, inayorundikana pale damu ya porta inaposhindwa kuifagia. Basi mbona ateri ya Namba 7 inafunguka wakati porta yake imejaa? Mwanafunzi alikuwa na maelezo: chakula cha protini kinalitwika ini kazi nyingi, linahitaji oksijeni zaidi. Ni maelezo mazuri. Karibu yangeingia kwenye tasnifu.

Kwanza tulishuku pampu, kwa sababu kila mtu hushuku pampu. Tulimimina ndani ya silinda ya kupimia kwa nusu saa, ilikuwa sawa. Kisha tukashuku dawa. PAH hupimwa kwa rangi ya waridi ambayo Bratton na Marshall waliitumia mwaka 1939 kupimia dawa za salfa, na rangi hiyo haichagui: kitu chochote chenye kundi la amini kama lile la PAH huwaka rangi hiyo. Kondoo aliyetoka kupewa dawa ya salfa ya koksidia atakupa waridi. Hata penisilini ya prokaini, ile sindano nyeupe ambayo kila duka la dawa za mifugo hapa Nakuru linaiuza, huvunjikavunjika mwilini na kuacha kitu kinachowaka vilevile. Namba 7 alidungwa penisilini hiyo baada ya upasuaji. Bahati ni kwamba mwanafunzi alikuwa amechukua damu kabla ya kufungua pampu, nayo haikuonyesha rangi ya maana. Nilimsifu kwa hilo, maana wengi husahau.

Shaka ya tatu ndiyo iliyotula siku mbili, na kusema kweli nilikuwa nimeshaiamini. Katheta ya vena ya ini ikiteleza nyuma sentimita chache, ncha yake hutoka kwenye ini na kuingia kwenye vena kuu ya chini. Huko hukutana na damu inayotoka kwenye figo, damu ambayo imeshasafishwa karibu PAH yote. Sampuli inazimuliwa, tofauti na ateri inapungua, na mtiririko unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kosa la aina hiyo lingeelekea upande uleule tuliouona.

Tukamwita daktari wa mifugo mwenye mashine ya mawimbi ya sauti, rafiki yangu, aliyekuja akilalamika kuhusu foleni ya barabara kuu. Alinyoa manyoya ubavuni upande wa kulia, kati ya mbavu za nyuma, akapaka jeli. Katheta ilionekana kama mistari miwili myeupe sambamba. Ili kuwa na hakika, tulisukuma ndani maji ya chumvi kidogo yaliyotikiswa, na vipovu vikamwagika kama cheche kutoka kwenye ncha. Ndani ya vena ya ini. Haikuwa imeteleza hata kidogo.

Kwa kuwa mashine ilikuwa pale, daktari alijaribu kupima porta yenyewe kwa Doppler, njia ya kusoma mwendo wa damu kwa mwangwi wa mawimbi hayo. Alipata kipenyo cha milimita 14 na mwendo wa wastani wa sentimita 16 kwa sekunde, ambavyo ukivizidisha vinakupa lita 1.48 kwa dakika, jirani kabisa na 1.43 yetu. Mwanafunzi alifurahi sana. Nikamwambia aongeze milimita moja kwenye kipenyo, aone. Ikawa 1.70. Milimita moja, kwenye picha ya kondoo anayepumua! Na pembe ya mawimbi nayo ni balaa: ukidhani ni nyuzi 60 kumbe ni 65, umekosea kwa karibu asilimia 18. Sisemi Doppler haifai. Haihitaji upasuaji, na kwa mnyama wa mfugaji ndiyo njia pekee ya heshima. Lakini kutetea 28 kwa Doppler hatukuweza, na ateri yenyewe mashine ile haikuiona vizuri.

Jibu lilitoka kwa mzee anayetunza kondoo wetu.

Mzee huyu hapendi matandiko yaliyolowa. Anasema mnyama mwenye mishono hatakiwi kulala kwenye mkojo, na ana haki. Kwa sababu yake tulikuwa tumemwekea Namba 7 katheta ya kibofu inayomwaga kwenye chupa, bila nia yoyote ya kisayansi. Siku ya tatu ya mahangaiko yetu aliingia maabara akiwa na chupa tatu mkononi. "Daktari, hizi nizimwage au mnazihitaji? Zinajaza friji." Yeye humwita kila aliyevaa koti jeupe daktari. Kwenye kila chupa alikuwa ameandika kwa penseli saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na ujazo. Hakuna aliyemwagiza.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Chumvi inayoingia hukaa, na ndiyo maana maji yake yako vile yalivyo. Kondoo si ziwa hilo. Ukolezi ukishatulia kwenye damu, maana yake ni kwamba kinachoingia na kinachotoka vimelingana. Kama pampu inaleta miligramu 15 kila dakika, basi mkojo unapaswa kutoa miligramu 15 kila dakika. Ni hesabu ya duka: shehena iliyoingia, iliyouzwa, iliyobaki rafuni. Na rafu haikuwa ikijaa.

Tukapima chupa za muda wa saa tatu. Zilizoingia: miligramu 2,700. Zilizotoka: 2,322. Zimepotea 378, yaani 2.1 kila dakika.

Nilikaa na karatasi ile kwa muda. Kama vena ya ini ingekuwa imezimuliwa na damu ya figo, mkojo usingepungukiwa na kitu, maana kosa lingekuwa kwenye sampuli na kondoo hana habari nalo. Hapa PAH ilikuwa imepotea ndani ya kondoo mwenyewe. Ama imebaki mahali fulani, ama imetoka ikiwa imevaa nguo nyingine.

Imevaa nguo nyingine. Ini la kondoo hushika sehemu ya PAH na kuibandikia kipande cha asetili, na mahali linapokibandika ni palepale kwenye amini inayoleta rangi ya waridi. Figo huitoa hiyo pia, lakini spektrofotometa, mashine yetu ya kupima rangi, haiioni. Maelezo ya njia hii yaliyoandikwa kwa ajili ya figo za watu hayana haja ya kulisema hilo kwa mkazo. Yaliyoandikwa kwa ajili ya maini ya kondoo husema, na tulipoyatafuta tukayakuta: sampuli ichemshwe kwenye asidi kwanza, asetili ing'oke, ndipo ipimwe. Ukurasa wa utaratibu uliobandikwa ukutani kwetu ulinakiliwa miaka mingi iliyopita kutoka kazi ya figo. Nani aliunakili hapana haja ya kumtafuta. Mimi nilikuwa nimeupita kila siku.

Kuchemsha nako kulitupa kazi. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Wapishi wa maharagwe wanalijua hili kuliko wanasayansi. Dakika zilizoandikwa na mtu wa pwani au wa Ulaya hazikutosha. Tulichukua mkojo uleule, tukaugawa, tukauchemsha dakika 30, 60, 90 na 120, vifuniko vimekazwa ili mvuke usitoroke na kukoleza kilichobaki. Rangi iliendelea kupanda hadi dakika ya 90, kisha ikasimama. Tukashika 90, na vipimo vya kulinganishia tukavichemsha pamoja na sampuli, jambo ambalo mwanafunzi alitaka kuliruka ili kuokoa muda.

Mkojo sasa ulitoa miligramu 14.8 kwa dakika. Nilitaka 15, lakini 14.8 naikubali.

Kisha damu. Ateri, 28.0. Porta, 43.0. Vena ya ini, 40.6.

Tazama porta. Zote mbili zimepanda kwa 4, ateri na porta, kwa hiyo tofauti imebaki 15.0 na mtiririko umebaki lita 1.43. Utumbo hauongezi asetili. Unaipitisha tu ile iliyorudi na damu. Ndiyo maana Doppler ilikubaliana nasi, na ndiyo maana makubaliano yale hayakuwa na thamani kwa swali letu: yalithibitisha sehemu ambayo haikuwa na kosa. Vena ya ini ndiyo iliyopanda kwa 5.8. Tofauti yake na ateri sasa ni 12.6, plazima ni lita 1.19, damu ni lita 1.70. Ukitoa porta, ateri inabaki na lita 0.27, yaani asilimia 16.

Ini lenyewe lilikuwa limekosewa kwa chini ya asilimia 17. Ateri ilikuwa imeongezwa maradufu. Ndivyo inavyokuwa kwa kitu kinachopatikana kwa kutoa namba kubwa kutoka kwa namba kubwa nyingine: kosa dogo la wakubwa linamwangukia mdogo lote. Na kwa kuwa kila lita ya damu ya ateri hubeba oksijeni nyingi kuliko ya porta, sura nzima ya tasnifu kuhusu ini linalopumua kwa kasi baada ya mlo wa protini iliyeyuka mchana ule. Mwanafunzi hakulia. Alisema, "Afadhali leo kuliko mbele ya watahini," akaenda kuchemsha sampuli za kondoo wengine.

Kuna jambo la chembe nyekundu nililolipita upesi. PAH hupimwa kwenye plazima, na kuifikia damu nzima unagawanya kwa sehemu ya plazima. Kwa Namba 7 tulipima wenyewe, 30. Lakini kwenye kundi hilo alikuwamo kondoo mmoja wa Dorper safi ambaye minyoo wanyonya damu wa tumboni walikuwa wamemshusha hadi 18, kope zake nyeupe kama karatasi. Chotara wenye damu ya Kimasai huwastahimili minyoo hao vizuri zaidi. Daftari lilikuwa limemwandikia 30 kama wenzake, kwa mazoea. Plazima ya lita moja kwa 30 ni damu lita 1.43; kwa 18 ni lita 1.22. Kondoo mgonjwa alikuwa amezawadiwa damu asiyokuwa nayo. Tulimrekebisha, kisha tukamtoa kabisa kwenye jaribio na kumpa dawa.

Sampuli za kondoo wanne wa mwanzo zilikuwa bado kwenye friza. Za watatu ziliokoka na zimepimwa upya kwa dakika 90 za kuchemsha. Ateri zao sasa ziko kati ya asilimia 13 na 19. Za wa nne ziliyeyuka na kuganda tena wikendi moja stima zilipopotea, na namba zake za vena ya ini tumezipiga mstari. Porta yake tumeibakiza. Ukurasa wa ukutani umebanduliwa, na kwenye friji kuna rafu moja ya chini ambayo mzee ameipa jina lake, ya chupa za mkojo, zenye saa na ujazo kwa penseli.